Rilei kwa ajili ya taa za pikapu yako

Mwanza

Kwako ndugu yangu Mashaka,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, na mama anakusalimu sana.

Barua yako nimeipata. Unataka kufunga spotilaiti mbili kwenye pikapu kwa ajili ya zile kona za Mombo hadi Lushoto usiku, na fundi amekwambia utoe waya kwenye betri, uupitishe kwenye swichi ya dashibodi, kisha uupeleke kwenye taa. Nakuomba usikubali.

Piga hesabu. Taa mbili za wati 100 ni wati 200. Gawanya kwa volti 12, unapata karibu ampea 17. Umeme wote huo upite kwenye kiswichi cha plastiki karibu na goti lako! Kitapata moto, kitayeyuka, na waya ulio nyuma ya dashibodi utaungua mahali usipopaona. Hata usipoungua, waya mwembamba na mrefu unakula volti njiani. Taa ya halojeni ikipata volti 10 badala ya 12, mwanga unashuka hadi karibu nusu. Utakuwa umetoa pesa ya taa kubwa ukapata ya kibatari.

Dawa yake ni rilei, kile kiboksi cheusi ambacho hata gari lako tayari linavyo kadhaa, cha honi na cha feni. Ukikifungua utakuta koili ya waya mwembamba wa shaba uliozungushwa kwenye chuma. Koili ikipata umeme, chuma kinageuka sumaku, kinavuta kibapa kilicho juu yake, na kibapa kinagusanisha kontakti mbili nene. Ukikata umeme, springi inakirudisha. Ndiyo ule mlio wa "tik" unaousikia. Koili ya volti 12 huwa na ukinzani wa omu 80 au 90 hivi, kwa hiyo inatumia kama ampea 0.14 tu. Swichi yako inabeba hizo 0.14, na zile 17 zinapita kwenye kontakti kule mbele, karibu na betri, kwa waya mfupi na mnene.

Chini yake utaona pini zenye namba. 85 na 86 ni za koili. 30 inapokea umeme wa betri, 87 inaupeleka kwenye taa. Ukikuta na 87a, hiyo imeshikana na 30 rilei ikiwa imelala, wewe iache wazi. Nunua ya ampea 40, maana taa ikiwa baridi inavuta umeme mwingi kuliko kawaida kwa kitambo kidogo. Kati ya betri na pini 30 weka fyuzi ya ampea 25, karibu kabisa na betri. Njia ya taa iwe waya wa milimita 4 za mraba, ya koili hata 0.75 inatosha. Na usiazime rilei kwenye lori la kaka yako la volti 24: kwa volti 12 haitavuta sawasawa.

Kabla hujafunga, ipime kwa mita. Kati ya 85 na 86 uone omu, kati ya 30 na 87 kusiwe na mawasiliano. Kisha ipe koili umeme wa betri: isikike, na 30 na 87 ziungane. Angalia pia mchoro ulio ubavuni. Kama kuna alama ya dayodi ndani (kile kinachopitisha umeme upande mmoja tu), chanya iende 86 na hasi 85, usigeuze. Dayodi hiyo ina kazi muhimu. Sumaku ikizimika ghafla, koili inatupa volti nyingi kwa kinyume, na bila dayodi ya kuzimeza, volti hizo zinaweza kuua kompyuta ya gari.

Uliuliza pia kama zile rilei ndogo za bluu zinafaa kwa sola ya nyumbani. Soma maandishi yake vizuri: nyingi zimeandikwa ampea 10 kwa volti 250 za AC (umeme kama wa TANESCO), lakini kwa DC (umeme kama wa betri au paneli) ni volti 30 tu. Kontakti zikiachana, cheche inaruka katikati. Umeme wa TANESCO unapita sifuri mara 100 kwa sekunde, cheche inapata nafasi ya kufa. Umeme wa paneli haupiti sifuri, cheche inaendelea kuwaka na kula kontakti mpaka zishikane, na hapo ukizima swichi kitu hakizimi. Hili ndilo linalonitia wasiwasi kwa mafundi wanaofunga paneli kadhaa mfululizo halafu wanakata umeme wake kwa rilei ya AC.

Kitu hiki ni cha zamani, ndugu yangu. Mmarekani Joseph Henry alikuwa nacho mwaka 1835, na telegrafu, ile mitambo ya zamani ya kutuma ujumbe kwa waya, ilikitumia kufufua ishara zilizochoka njiani. Mwaka 1941, kule Berlin, Konrad Zuse alitengeneza kompyuta yake, Z3, kwa rilei zaidi ya 2,000. Mimi bado nakiheshimu kuliko vifaa vingi vya kisasa, kwa sababu kikiharibika unaweza kukifungua ukaona kilichoungua.

Ukishanunua, nitumie picha ya upande wa pini na ule mchoro, nikuchoree waya zote kabla fundi hajagusa gari. Wasalimie shemeji na watoto.

Ni mimi nduguyo,
Bakari