Binti anayehifadhi Kurani apewe muda wa muraja'a

Ndugu Mhariri,

Binti anayehifadhi Kurani huulizwa kila mahali amefika juzuu (sehemu ya Kurani) ya ngapi. Ni nadra kuulizwa zile alizomaliza anazirudia lini, yaani muraja'a wake, na hilo ndilo linaloniumiza.

Mtume (s.a.w.) alituhimiza tuishike Kurani, kwani huponyoka upesi kuliko ngamia katika kamba zake. Tazama juzuu ya kwanza tu. Katika Suratul Baqara, aya ya 48 na ya 123 zinakaribiana mno, ila moja hutanguliza shafaa (uombezi) na nyingine fidia. Asiyefanya muraja'a akifika hapo hukamata mkia wa aya nyingine, akavuka zaidi ya kurasa kumi bila kujitambua. Ustadhi humkaripia kwa uvivu, kumbe tangu atoke skuli alikuwa jikoni na kulea wadogo zake, huku kaka yake akiachwa na msahafu wake kwa utulivu.

Tena kuna hedhi, na hapa haya zetu zinawadhuru mabinti. Kati ya madhehebu ya fiqhi, Wamaliki wanamruhusu mwenye hedhi kusoma Kurani aliyoihifadhi. Mashafii wanamkataza kuitamka kwa nia ya kisomo, lakini kuipitisha moyoni bila kutamka anaruhusiwa, na kusikiliza hakuna aliyekukataza. Wangapi wameelezwa hivyo? Wengi hujitenga na Kurani siku zote hizo, kila mwezi, kisha hurudi darasani wakitetemeka kwa yaliyowatoka. Ustadha awaeleze mapema, kwa madhehebu yao, na awape kisomo cha kusikiliza.

Tusisahau kwamba msahafu uliokusanywa zama za Khalifa Abubakar ulihifadhiwa baadaye kwa Bi Hafsa binti Umar, mke wa Mtume, na Khalifa Uthman alipotaka kunakili nakala, aliuomba kwake. Amana hiyo ilikuwa mikononi mwa mwanamke.

Wala sizungumzii ulimi peke yake. Binti anayesimama usiku akasoma katika rakaa zake ukurasa alioupata juzi, taratibu, kwa tajwidi (kanuni za matamshi), anajenga subira na ikhlasi ambazo mbio za kukimbilia khitma, yaani kumaliza Kurani yote, haziwezi kumpa.

Nawaomba walimu watenge angalau siku mbili kwa wiki zisizo na ukurasa mpya, za kurudia tu. Nanyi wazazi, saa moja baada ya Alfajiri mwacheni binti na msahafu wake. Vyombo vitaoshwa baadaye, na kaka yake pia ana mikono.

Wenu,
Mwalimu wa tahfidhi