Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Tume ya Mawasiliano ya Uganda: maonyo ya video yasomeke, na yasafiri na video

Kwako Mheshimiwa Mkurugenzi Mtendaji,
UCC House, Bugolobi, Kampala.

Salamu kutoka Busia. Nina kibanda cha simu karibu na mpaka: nauza vocha, natuma na kutoa pesa, nachaji simu na kuziamsha zilizogoma. Wateja wangu husema Kisamia, Kiteso, Kiganda na Kiswahili, wengine vyote vinne kabla hawajamaliza kulipa. Nimechagua kukuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho kinachotukutanisha hapa, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilikubali kifundishwe kwa lazima shuleni.

Nataka kuzungumzia ule ukungu ambao kampuni za mitandao huutandaza juu ya picha na video zenye damu, uchi au ukatili. Mteja akikutana nao, huja kwangu na kusema, "Simu imeharibika, hii video haifunguki." Mwingine hudhani MB zimekwisha. Anaona picha iliyofifia, alama ya jicho lililokatwa kwa mstari, na sentensi ya Kiingereza asiyoweza kuisoma. Anachotaka kwangu ni nimbonyezee tu. Kitufe chenyewe kiko papo hapo chini ya onyo, kwa hiyo ndani ya sekunde moja kazi imekwisha, na kwenye kumbukumbu za kampuni imeandikwa kwamba mtu mzima ameonywa akaamua kuendelea. Kumbe mtu huyo hakuambiwa lolote. Mara nyingine mwenye simu hayupo kabisa; aliyeileta ni mtoto aliyetumwa.

Hilo ni la video zenye onyo. Zisizo nalo ndizo nyingi. Oktoba 2024 lori la mafuta lilipowaka Kigogwa, kwenye barabara ya Kampala kwenda Bombo, video za watu wakiungua zilizagaa kwenye WhatsApp, na hakuna iliyofunikwa. Sababu yake ni ya kiufundi: ujumbe wa WhatsApp hufungwa tangu simu inayotuma hadi inayopokea, kampuni yenyewe haioni kilichomo, basi haiwezi kukibandika onyo. Na hata video iliyofunikwa vizuri kwenye YouTube au TikTok, mtu akishaipakua, ukungu hubaki kule kule mtandaoni. Onyo ni mali ya jukwaa, si ya video. Kuanzia hapo video huruka kutoka flashi hadi memori kadi, kutoka memori kadi hadi simu ya mwanafunzi, na hakuna anayejua kilicho ndani mpaka akione.

Kwa sababu hiyo naona Tume isihangaike sana kuwaomba wenye majukwaa waongeze ukungu. Ombi langu ni kwamba onyo liingizwe ndani ya video yenyewe, katika sekunde zake za mwanzo, na mtu aliyeitengeneza. Likiwa humo, litafika popote video itakapofika. Mtukutu anaweza kulikata, ndiyo, lakini wengi wanaosambaza video hawakati chochote, wanabonyeza na kutuma. Nanyi mna pa kuanzia: tangu 2018 Tume inawataka wanaorusha habari na video mitandaoni wajiandikishe kwenu. Vituo vya televisheni pia mnavipa leseni. Mtangazaji hutuonya kwa heshima kabisa kabla ya kuonyesha maiti kwenye taarifa ya habari, halafu usiku huohuo kipande kilekile hupandishwa mtandaoni bila neno. Kufuata utaratibu mmoja kotekote kungegharimu nini?

Onyo liseme nini, hapo ndipo pa kukaa na kufikiri. Mwaka 2023 watafiti walikusanya tafiti nyingi za awali kuhusu maonyo haya na kugundua kwamba kwa jumla hayapunguzi uchungu wa anayetazama, wala hayawafanyi watu waache kutazama. Yanachoongeza ni wasiwasi wa kusubiri. Sishangai. "Tazama kwa uangalifu" ni maneno gani hayo? Uangalifu wa nini? Herufi NSFW ambazo vijana hubandika juu ya linki za mtandaoni zina maana kwamba usifungue ukiwa kazini, lakini hazisemi kama utakuta uchi au kichwa kilichopasuka. Tena zinamfikiria mtu wa ofisini mwenye bosi nyuma yake. Huku kwetu simu moja hutumiwa na baba, mama na watoto watatu, na anayehitaji kujua ni yule anayeamua ampe nani simu baada ya chakula cha jioni.

Afadhali onyo litaje kilichomo: "Ina maiti." "Ina watu uchi." "Mtoto anapigwa." Maneno mawili matatu yanatosha, na pembeni iwekwe picha kwa asiyesoma. Hilo si jambo la kubuni upya. Uholanzi tangu 2001 wana mfumo uitwao Kijkwijzer, ambamo ngumi humaanisha mapigano na buibui humaanisha mambo ya kutisha. Mwaka 2003 michezo ya kompyuta barani Ulaya ikaanza kutumia alama za PEGI za namna hiyohiyo, pamoja na sindano kwa dawa za kulevya, na baadaye dadu kwa kamari, kwa kuwa mchezo mmoja huuzwa kwa watu wa lugha nyingi. Uganda nayo ina lugha nyingi. Majirani zetu wa Kenya wana madaraja ya GE (kwa watu wote), PG (kwa uangalizi wa mzazi), 16 na 18, ambayo sisi wa mpakani tunayaona kwenye televisheni zao. Yanasaidia kidogo, ila namba inakupa umri bila kukupa sababu, na mzazi hutaka sababu.

Kutaja kilichomo kuna faida nyingine ambayo Tume inapaswa kuipenda. Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu kadhaa vya ile Sheria ya 2014 ya kupinga ponografia, kikiwemo kifungu kilichoeleza maana ya ponografia, kwa kuwa hakikuwa wazi. Tukianza tena kwa maneno mapana kama "maudhui yasiyofaa", tutarudi mahakamani, na katikati ya safari mtu atakamatwa kwa kumchora mheshimiwa. Onyo halimzuii mtu kuonyesha. Linamwambia mtazamaji tu. Naomba libaki hivyo.

Umri nao una kichekesho chake. YouTube haifungui video ya watu wazima mpaka akaunti iwe ya mwenye miaka 18, na TikTok haitaki mtoto wa chini ya miaka 13. Lakini akaunti nyingi mjini hapa hufunguliwa na fundi, na fundi mwenye foleni huandika mwaka wowote wa kuzaliwa unaomjia. Kwa hiyo mtandao unaamini simu ni ya mzee wa miaka arobaini, na mzee huyo ana sare ya shule ya msingi. (Wa Facebook siwazungumzii. Imefungwa nchini tangu Januari 2021, na unajua vizuri kuliko mimi wanavyopita.)

Fundi huyohuyo angeweza kuwa msaada. Kuwasha hali ya vizuizi, inayoficha video zisizofaa watoto, kwenye YouTube au TikTok ni kazi ya dakika moja, na Google tangu 2023 ina mpangilio wa kufunika picha chafu kwenye matokeo ya utafutaji. Wazazi hawaulizi kwa sababu hawajui kwamba vipo. Mawakala wa laini mnawafikia kila mnapobadilisha masharti ya usajili. Waongezeeni somo hili moja, na waambieni waulize umri wa kweli.

Mkichapisha bango lenye alama hizo na maelezo ya kubadilisha mipangilio, ukuta wangu una nafasi kando ya bei za kutoa pesa, mahali ambapo kila mteja husimama akisubiri meseji. Likija kwa Kiingereza peke yake, tafadhali mpelekeeni mwingine.

Wako mtiifu,
Mwenye kibanda cha simu, Busia