Programu iulize mashine, isikariri

Ndugu Mhariri,

Naomi nafasi katika safu ya barua za wasomaji niwakumbushe wanaoandika na wanaosimamia programu za ofisi jambo linaloonekana dogo mpaka siku litakapowaaibisha. Nazungumzia kompyuta za AS/400, ambazo IBM ilizitoa mwaka 1988, pamoja na mashine zilizozirithi, ambazo leo zinatumia mfumo wa IBM i.

Katika ofisi moja nilimofanya kazi hapa Moshi, mtangulizi wangu alikuwa ameandika jina la foleni ya kuchapisha ndani ya programu ya mishahara. Printa ikahamishiwa mapokezi, programu ikabaki na jina lake lile lile, na mwisho wa mwezi orodha ya mishahara ya wafanyakazi wote ikaanza kutoka, karatasi baada ya karatasi, mbele ya wateja, hadi mhasibu alipokuja mbio kuichomoa printa ukutani. Dawa ilikuwa mstari mmoja: amri RTVJOBA, ambayo huipa programu ya CL (lugha ya amri ya mashine hizi) sifa za kazi inamoendeshwa, yaani shughuli moja ambayo mashine inaiendesha kwa wakati huo, ikiwamo foleni yake ya kuchapisha, tarehe ya kazi, na kama kuna mtu kwenye skrini, jibu likiwa 1, au kazi inajiendesha yenyewe, jibu likiwa 0.

Ila amri hiyo hujibu kuhusu kazi yake yenyewe tu. Anayetaka habari za kazi nyingine anaweza kuita programu ya mfumo iitwayo QUSRJOBI na kuipa jina kamili la herufi 26: 10 za jina la kazi, 10 za mtumiaji na 6 za namba. Jina likiwa fupi, nafasi zilizosalia huachwa wazi. Nilimshuhudia kijana mmoja, mwerevu kweli kweli, akipoteza asubuhi nzima akiambiwa kazi haipo ilhali anaiona kwenye skrini, kwa kuwa PAYROLL ina herufi 7 naye hakuacha nafasi 3.

Linaloniuma zaidi ni ukaguzi. Kati ya sifa ambazo RTVJOBA hutoa, USER hutaja mtumiaji aliyemo katika jina la kazi, na CURUSER hutaja yule ambaye kazi inafanyika kwa mamlaka yake wakati huo. Wengi hudhani ni kitu kimoja. Maombi ya hifadhidata yanayotoka kompyuta za mezani kwa kawaida hupokelewa na kazi ziitwazo QZDASOINIT, ambazo katika jina lake mtumiaji ni QUSER, jina la mfumo wenyewe na si la mtu, awe ameingia karani au meneja. Basi programu inayohifadhi USER, mkaguzi akiuliza ni nani aliyebadilisha salio la mwanachama, itamjibu kwamba ni QUSER, naye QUSER hana dawati wala mkataba wa ajira.

Nawaomba wakuu wa ofisi zenye mashine hizi, iwe Moshi au Arusha, wawape mafundi wao siku mbili tatu kabla ya kufunga hesabu za mwaka, wapitie programu zinazoandika kumbukumbu za mabadiliko na kuona ni sifa ipi kati ya hizo mbili inayohifadhiwa.

Mwandishi wa programu,
Moshi.