Doto, nimemkosesha mtoto aliyepata

Doto wangu,

Mwangaluka! Najua mimi ndio nimepotea, tangu tulivyomzika mzee sijakuandikia hata mstari, nisamehe bwana. Huku wazima, Kulwa anakusalimia, mama kila siku anauliza unakuja lini, mvua zimeanza na yale mawe ya kupandia kwetu yanateleza balaa. Salamu ziishie hapo maana kuna kitu kimenikaa rohoni wiki ya tatu sasa na nikimwambia mtu mwingine ataniona nakuza mambo.

Ni ile klabu ya hesabu ya Jumamosi. Watoto wamefika kumi na wawili, kidato cha pili na cha tatu, tunajiandaa na mashindano, na mmoja wao ni yule binti ambaye mama yake anauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, niliyekwambia ana kichwa. Sasa nikawapa lile swali ambalo wewe ndio ulinionyesha tukiwa fomu foo, ukichagua namba 11 zozote kati ya 1 na 20, thibitisha kwamba lazima zitakuwepo mbili ambazo moja inaigawa nyingine bila baki. Nikawaambia waende nalo nyumbani wiki nzima.

Wakaleta madaftari. Nimesahihisha usiku, umeme unakatika unarudi, nimechoka, nina jibu langu mkononi lile la kuandika kila namba kama witiri (isiyogawanyika kwa mbili) mara 1, 2, 4, 8 au 16. Nikafika kwake nikakuta hamna fomula hata moja. Kapanga namba kwenye mistari, 1 2 4 8 16, chini yake 3 6 12, chini yake 5 10 20, halafu 7 14, halafu 9 18, halafu 11, 13, 15, 17 na 19 kila moja peke yake. Pembeni kaandika "hizi ni koo, 3 ni baba, 6 mtoto, 12 mjukuu". Mimi nikaona ni mchezo. Nikampiga kosa refu la peni nyekundu na nikaandika ONYESHA NJIA.

Doto, njia alikuwa ameionyesha! Zihesabu hizo koo, ziko 10. Ukichukua namba 11 kwenye koo 10 lazima mbili zitoke ukoo mmoja, na ndani ya ukoo mdogo siku zote anamgawa mkubwa kwa sababu kila kizazi ni kuzidisha kwa mbili tu. Basi, swali limeisha. Ile ile kanuni ya njiwa na matundu, kwamba njiwa wakizidi matundu lazima tundu moja liwe na zaidi ya mmoja, tuliyohangaika nayo sisi, yeye hajafundishwa na mtu, kaitengeneza mwenyewe. Na chini kabisa, mahali ambapo sikufika hata kusoma, kaongeza "lakini ukichukua kumi tu unaweza kukwepa, chukua 11 mpaka 20, hakuna anayemgawa mwenzake". Hilo hata swali halikuuliza! Kajiuliza mwenyewe kwa nini ni 11 na sio 10, akajijibu.

Nimekuja kuligundua Jumanne yake nipo kwenye daladala narudi Igoma, nimekaa tu naangalia dirishani, ile mistari ikanijia kichwani yote kama nimeipiga picha. Nilishuka kituo ambacho sio changu.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Na ya jana hakuja.

Nimewaza sana kwa nini nilifanya vile na nadhani tatizo ni namna tunavyofundisha, mimi wa kwanza. Ile pepa ya hesabu ya kidato cha nne ni maswali 14 kwa saa 3, mtoto anafundishwa mbio, aone swali aikumbuke njia aimwage asonge mbele, tuisheni zote ndio hivyo, na mimi ndio nimewalea hivyo miaka yote. Wakati huku kwenye mashindano mambo ni tofauti kabisa. Yale ya dunia, Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati, yaliyoanzia Romania mwaka 1959, mtoto anapewa maswali matatu tu kwa siku, saa nne na nusu, siku mbili, kila swali alama 7. Yaani saa moja na nusu kwa swali moja! Mtu anayepanga koo kwenye karatasi taratibu ndiye anayetakiwa pale, na mimi nimempiga kosa kwa kuwa hakufanana na karatasi yangu. Wale wengine kumi na mmoja karibu wote walikariri mfano wa ubaoni wakabandika, na nikawapa vema za huruma. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Alhamisi nilipita Mwaloni. Nikamwona kwa mbali, wako na mama yake wanachambua dagaa kwenye turubai, anatoa vijiwe na vigamba vya konokono, haraka haraka bila kuangalia mikono. Nilitaka kusogea nikashindwa, sikuwa na daftari lake na sikujua nianzeje mbele ya mama yake.

Sasa nakuomba kitu. Nakutumia picha ya ule ukurasa kwa WhatsApp nikipata bando. Wewe ulisomea haya mambo mpaka chuo, kaa nao, halafu umwandikie yeye sio mimi, kwa Kiswahili cha kawaida, jinsi ya kutoka kwenye koo zake mpaka kwenye uthibitisho ambao msahihishaji yeyote atampa 7 zote, bila kumwondolea baba na mjukuu wake. Mimi nikiandika nitamletea tena fomula zangu.

Na unijibu haya. Hivi wewe mtu wa kwanza kukufuta jibu ambalo ulikuwa umepata alikuwa nani, na ulirudije? Nimwombe radhi mbele ya darasa zima au hiyo itamtia aibu zaidi? Klabu nipunguze maswali, niwape moja tu kwa Jumamosi, au watachoka wazazi waseme hatufanyi kitu? Unalo swali lingine la aina hii, lisilohitaji fomula, la kumpelekea? Na likizo unakuja kweli au ndio yale yale ya mwaka jana?

Nijibu kabla ya Jumamosi hata kama ni usiku wa manane. Asubuhi nitaenda Mwaloni mapema kabla mama yake hajabanwa na wateja, na nataka niwe na barua yako ndani ya daftari.

Mwenzio wa dawati la nyuma