Ukipima upepo, pima tairi likiwa baridi

Jioni dereva wa watalii anaingia uani kwetu akitokea Makuyuni. Matairi yamechemka, ukiyagusa unautoa mkono haraka. Anachomeka geji: PSI 40 (PSI ni kipimo cha presha). "Fundi, upepo umezidi, nitolee ubaki 35." Ukimtolea, alfajiri anarudi amenuna, eti tumemwibia upepo.

Hakuna aliyeiba. Wengi wetu tulikariri sheria ya gesi, PV = nRT, sekondari kwa ajili ya mtihani, tukaiacha hukohuko. P ni presha, V ni nafasi iliyomo ndani ya tairi, n ni kiasi cha hewa, R ni namba isiyobadilika, T ni joto. Tairi likishajazwa, nafasi yake haibadiliki sana, na kama hakuna pancha, hewa ni ileile. Kinachobaki kucheza ni joto na presha, na vyote hupanda na kushuka pamoja.

Kwenye hesabu kuna mitego miwili. Joto lihesabu kwa kelvini, yaani selsiasi jumlisha 273. Halafu geji haisomi presha yote, inasoma ile iliyozidi hewa ya nje tu. Hapa Arusha, mita kama 1,400 juu ya bahari, hewa ya nje ni takriban PSI 12 (Dar inakaribia 15). Kwa hiyo geji ikisoma 35, presha yote ni 47.

Asubuhi nyuzi 17 ni kelvini 290. Tairi likifika nyuzi 50, ni kelvini 323. Chukua 47 × 323 ÷ 290, unapata 52. Toa 12: geji inasoma 40. Ndiyo ile ya jana jioni! Ukiipunguza mpaka 35 tairi likiwa la moto, likipoa utakuta 30, na tairi lenye upepo mdogo hujikunja ubavuni na kuchemka zaidi.

Wengine wanatuulizia naitrojeni. Sheria ni ileile, na hewa ya kawaida tayari ni naitrojeni asilimia 78. Faida yake kubwa ni ukavu, maana maji yakigeuka mvuke ndani ya tairi huongeza presha. Sisi tunamwaga maji ya tangi la kompresa kila asubuhi, hiyo inatosha.

Kupima ni bure. Njoo kabla gari halijatembea, au liache lipoe masaa matatu. Na namba ya kufuata ni ile ya kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Ile ya ubavuni mwa tairi ni kikomo chake.