Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mwaka Tuliomzika Muosha Wetu

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Mama zangu, dada zangu, na wanangu mlioingia mwaka huu katika chama chetu cha kusaidiana kwenye misiba, assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Kwa desturi taarifa hii huanza na hesabu. Mara hii nimemwachia katibu azisome baada yangu, kwani upande wa fedha tuko salama: michango imeingia, deni hatuna, na bafta ya sanda imo kabatini. Langu mimi ni la watu. Mwezi wa Rajabu tulimzika mweka hazina wetu, ambaye ndiye pia aliyekuwa muosha maiti mkuu wa kina mama hapa Langoni, mjini Lamu. Tangu siku hiyo chama kina kila kitu ila mikono.

Wanawe wameniomba nisimtaje kwa jina kwenye karatasi itakayozunguka katika simu za watu. Nimekubali. Hakuna humu asiyemjua.

Akiitwa usiku wa manane, alikuja. Maiti akiletwa kutoka Mombasa na kuvushwa kwa boti kutoka Mokowe, ng'ambo ya bara, jamaa walimkuta gatini keshafika, mfuko wa majani ya mkunazi kwapani. Wakati wa korona mwaka 2020, watu walipoogopa kumgusa hata aliyekufa kwa uzee, alivaa glavu zake, akafunga barakoa, akaingia. Malipo hakupokea kwa mtu. Ukimtia noti mkononi aliipeleka kwenye sanduku la chama na kukuandikia risiti, hata kama ulitaka sadaka yako iwe ya siri. Wapo waliomnunia kwa hilo.

Nimemmiminia maji mara nyingi, basi niruhusuni nieleze alivyofanya kazi, maana mabinti wengi humu hawajaiona.

Kwanza aliwatoa watu. Majirani, wapambe, na wale waliokuja kutazama tu, wote nje. Walibaki waosha na jamaa wa karibu. Kisha alitandaza kanga juu ya maiti, na kuanzia hapo mwili hauonekani tena mpaka sanda. Mkono wake ulipita chini ya kanga, umezungushwa kitambaa. Alilikanda tumbo taratibu, akamsafisha, akamtawadhisha, akaanza upande wa kulia kabla ya kushoto. Maji ya mkunazi mwanzo, karafuu maiti, yaani kafuri, katika maji ya mwisho, na mara za kuosha ziwe witiri, idadi isiyogawanyika kwa mbili. Muda wote huo alikuwa akisema na maiti: “Haya mwanangu, nakugeuza. Maji si baridi, nimeyapima.” Kuna waliomcheka. Mimi nilimwona binti aliyekuwa akitetemeka mbele ya mwili wa mamake. Aliposikia maneno hayo alishika kata, akaanza kumimina.

Nywele alizisuka mafundo matatu akayalaza nyuma, kama Ummu Atiyya, sahaba wa kike, na wenzake walivyomfanyia binti wa Mtume, rehema na amani zimshukie. Kisa hicho hakuchoka kukisimulia: jinsi Mtume alivyowaambia wamwite wakimaliza, na walipomwita akawapa shuka yake mwenyewe iwe ndiyo inayogusa mwili wa mwanawe. Sanda aliikata vipande vitano, shuka ya kiunoni, kanzu, ukaya na shuka mbili za kumviringia, na kipimo chake kilikuwa shibiri. Na alichokiona juu ya kitanda cha kuoshea, kovu au ugonjwa au lolote, hakikutoka mlangoni. Miaka yote hiyo katika mji wa vichochoro hivi, ambako habari hufika kwa jirani kabla ya mwenyewe, sijasikia neno la maiti lililotoka kwake.

Siku yake ilipofika, tulifungua sanduku lake tukakuta sanda imeshakatwa, imekunjwa, na udi juu yake. Ndani kulikuwa na kikaratasi: bafta hii nimeinunua kwa pesa zangu, ya chama msiiguse. Hata hapo alikuwa mweka hazina! Waliomwosha ni wawili, ndio pekee aliowafundisha wakafuzu. Mmoja ana maradhi ya miguu.

Hapa ndipo nitakaposema wazi. Wengi wetu tunatoa mchango wa mwezi tukidhani tumemaliza. Kuosha maiti ni fardhi ya kutoshelezana. Wakiifanya wachache, wengine dhima imewatoka. Lakini wachache hao wasipopatikana, dhambi ni ya sote, na mchango hauoshi maiti. Marehemu aliitisha darasa mara kadhaa. Viti vilijaa siku ya kwanza, na siku ya kushika sanda wakabaki wawili hao.

Kuna na tatizo la mahali. Majumba ya mawe ya wazee wetu yalikuwa na nyumba kati, chumba ambamo maiti alioshwa kwa sitara. Sasa mengi yameuzwa au yamegawanywa vyumba vya kupangisha, na tumewahi kuosha katika choo ambacho watu wawili hawapishani. Kamati inapendekeza tununue kitanda cha kukunja chenye mfereji wa maji, na mapazia ya kuzungushia, vikae chamani na kutolewa bure kwa mwenye msiba, mwanachama na asiye mwanachama. Marehemu hakuwahi kuuliza kadi mlangoni.

Mambo mengine ni mafupi. Khitma yake ilisomwa na chakula kilitosha. Wajane waliokaa eda tumewahudumia kwa posho hadi kutimia miezi 4 na siku 10, na utaratibu huo unaendelea. Biashara ya kofia za viua, zile za kushonwa kwa mkono, haikwenda vizuri; nashauri tuiache mpaka tupate mnunuzi wa kuaminika.

Nafasi ya mweka hazina itapigiwa kura leo. Nafasi ya muosha haina kura. Darasa litaanza baada ya Maulidi, Mfungo Sita, kila Alhamisi baada ya Alasiri, nyumbani kwangu. Watafundisha wale wawili, nami nitamimina maji. Daftari la majina liko kwa katibu pale mlangoni. Jina la mwanzo ni la binti yake marehemu.