Inchaji akitoka wodini, kazi inalala

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni muuguzi katika hospitali moja hapa Mombasa, wodi ya wanaume. Tangu tuletewe inchaji mpya, yaani muuguzi msimamizi wa wodi, hakukaliki. Rosta anaipanga peke yake na kuibandika ukutani. Ukiuliza, unakemewa mbele ya wagonjwa. Sisi tunaovuka kutoka Likoni, feri ikikwama asubuhi tunakuta barua ya onyo mezani kabla ya kuulizwa lililotusibu.

Haki yake nimpe. Glavu hazipotei tena na mafaili yamenyooka. Inchaji aliyepita tulimpenda, lakini vifaa vilikuwa vikiyeyuka hivi hivi.

Kinachoninyima usingizi ni zamu ya usiku. Mchana akiwapo kila mtu mbio. Akishaondoka, watu wanakaa. Kwenye kozi ya uongozi tulisoma majaribio ya mwanasaikolojia Kurt Lewin na wenzake kule Marekani, yaliyochapishwa mwaka 1939: watoto waliosimamiwa kiimla walichapa kazi mbele ya kiongozi, naye akitoka chumbani wakaziacha. Waliokuwa wakishirikishwa waliendelea. Nilidhani ni mambo ya mtihani tu, kumbe ni wodi yangu!

Juzi mwenzetu alipitiwa, mgonjwa akakosa antibaotiki yake ya saa sita usiku. Badala ya kuripoti, akatia sahihi kwenye chati kwamba ametoa. Zamani angesema, daktari angeamua la kufanya, yakaisha. Mgonjwa ameenda nyumbani salama, alhamdulillahi, lakini wa kesho je?

Sasa tatizo langu. Huyu inchaji alipokuwa mwanafunzi, mimi ndiye niliyemfundisha kutafuta mshipa. Tukiwa wawili bado huniita mama. Tena cheo hicho nami nilikiomba, kwa hiyo nikifungua mdomo nitaambiwa nina kijicho. Metroni ndiye aliyempendekeza. Kumwendea naona ni kama kumshtaki mtoto kwa mamake. Mume wangu asema niombe uhamisho wodi nyingine, nisubiri kustaafu kwa amani. Wepesi wa maneno, yeye hajui wodi nyingine zikoje.

Nimwite inchaji pembeni kama mwanangu, au tuandike barua sote tuliomo wodini? Na habari ya ile chati niitaje, hata kama itamponza mwenzangu?

Muuguzi wa siku nyingi,
Likoni